Pima Ethi Kabla Hujanunua Stata

Gari la dizeli la zamani likigoma asubuhi hapa Nguvumali, Tanga, stata ikalia "ka!" na kunyamaza, wenye magari wengi hukimbilia betri mpya au stata ya mtumba. Subiri kwanza. Katika mji wa pwani kama Tanga, mara nyingi kilichoharibika ni maungio ya nyaya tu. Upepo wa bahari huleta chumvi na unyevu, navyo hula chuma na shaba pale waya unapokutana na bodi.

Anza na betri kabla hujawasha gari. Mita ikisoma volti 12.6, imejaa; ikisoma 12.2, imebaki kama nusu. Ikishuka chini ya 12, imeisha. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye temino, chomoa waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Safisha kwa maji ya moto yenye magadi soda, kausha, rudisha chanya, halafu hasi, kaza, upake grisi.

Sasa pima ethi, yaani njia ya hasi kati ya betri na injini. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi ya betri, nyingine kwenye chuma safi cha injini, mtu apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, waya wa ethi au maungio yake ni mabovu. Injini hizi hubana hewa zaidi ya mara 20, hivyo stata huvuta mamia ya ampea, na kutu kidogo tu inatosha kuikwamisha. Taa hazihitaji umeme mwingi hivyo, ndiyo maana zinaweza kuwaka vizuri na mwenye gari akadhani nyaya ni nzima.

Gari likiwaka, pima tena kwenye betri: chaji nzuri ni kati ya volti 13.8 na 14.4. Katika Hilux nyingi za dizeli za zamani, pampu ya vakyumu ya breki imefungwa nyuma ya alteneta. Sili yake ikivuja, oili huingia ndani na kuharibu kaboni. Mkanda wa alteneta ukikatika, unapoteza chaji na msaada wa breki kwa pamoja. Simama mara moja.

Hita za injini zina hila yake. Joto la Tanga huficha ubovu wake hadi siku utakapopanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, karibu mita 1,400 juu ya bahari, ukalala huko. Alfajiri stata inazungusha kwa nguvu, moshi mweupe unatoka, injini haishiki. Fungua bati linaloziunganisha, pima kila hita peke yake kwa omu: nzima husoma karibu na moja au chini yake, iliyokatika haisomi kitu. Unaponunua, linganisha volti zilizoandikwa juu yake, kwani si zote ni za 12.

Injini ikizima ghafla barabarani, fungua swichi usikilize kwenye pampu ya dizeli. Usiposikia mlio mdogo wa solenoidi, kagua waya wake na fyuzi. Fyuzi iliyoungua irudishie ya ampea zile zile. Ukifunga kipande cha waya, unaalika moto.

Kisha nenda kwa fundi umeme na vipimo ulivyoandika. Ataanzia penye tatizo, nawe hutalipia kifaa ambacho hakikuwa kibovu.