Nati Zilizolegea Kabla ya Safari

Anayesafiri kutoka Njombe hadi Lugarawa anajua kwamba barabara ya milimani hailivunji gari kwa siku moja. Hulilegeza nati moja moja, ndiyo maana fundi huzikagua kabla viazi havijapakiwa. Mwaka 2018 darubini ya anga ya James Webb ilifanyiwa ukaguzi wa namna hiyo huko California, kwa kupigiwa kelele kali kama za roketi inayopaa. Skrubu na washa zikadondoka kutoka kwenye mifuniko inayolinda ngao yake ya jua. Ngao hiyo, inayokaribia ukubwa wa uwanja wa tenisi, ni matabaka 5 ya plastiki iliyopakwa alumini, manne yakiwa na unene wa milimita 0.025 tu. Upande unaoelekea jua hufika nyuzijoto 85 hivi, na wa kivulini hushuka hadi nyuzi 233 chini ya sifuri. Ingechanika vibaya au ingegoma kukunjuka, vioo vingepata joto na darubini ingekuwa kipofu.

Wengi waliliona tukio lile kama aibu. Kwa maoni yangu, jaribio lilifanya kazi yake. Ni kweli lina gharama: kwa kasoro hiyo na nyingine, safari ilisogezwa mbele na bajeti ya mradi ikapandishwa hadi dola bilioni 9.66. Wapo pia watakaoitaja darubini ya anga ya Hubble, iliyorushwa mwaka 1990 ikiwa na kioo chenye kasoro, kisha wanaanga wakaitengeneza Desemba 1993. Lakini Hubble iko kilomita mia tano na ushei tu juu yetu. Webb iko kilomita milioni 1.5, ambako hakuna fundi anayefika. Isitoshe, kasoro ya Hubble ilijitokeza katika baadhi ya vipimo kiwandani, ila vikapuuzwa kwa sababu kifaa kimoja kiliaminiwa kupita vingine. Ni kama daktari anayeletewa majibu ya maabara akayaacha ndani ya faili.

Hata hapa kwetu Afrika Mashariki, setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, ilipima eksirei za nyota hadi Machi 1973 bila kuguswa na fundi. Webb nayo iliondoka tarehe 25 Desemba 2021. Kufikia tarehe 4 Januari 2022, matabaka yote 5 yalikuwa yamekunjuliwa na kukazwa.