Injini ya Mwili Hailali

"Mimi mwili wangu ni wa kunenepa tu. Hata nikinywa maji naongeza kilo." Maneno haya yalisemwa na mama mmoja katika mkutano wa kikundi chetu cha Ruiru, na akina mama wengi wakacheka huku wakiitikia kwa vichwa. Lakini mwenzetu huyu hakuwa akifanya mzaha. Ana ugonjwa wa sukari, na kliniki walikuwa wamemshauri apunguze uzito. Mchuuzi fulani akamuuzia chai ya kupunguza mwili, akamwambia ati mwili wake "umelala" na hiyo chai itauamsha. Pesa alikopa kwenye chama. Kwa siku nne alikunywa chai hiyo, akakaa bila kula mpaka jioni, na vidonge vyake vya sukari akameza kama kawaida. Siku ya tano alianguka steji, akitetemeka na kutokwa na jasho. Bahati nzuri kondakta mmoja aliyejua hali yake alimnywesha soda upesi.

Tulipomtembelea nyumbani alituuliza swali moja, nasi tukaahidi kulijibu hapa: je, ni kweli mwili unaweza kulala?

Hebu tuanze na matatu. Ukiwa ndani ya gari pale steji ya Thika, mkingoja lijae, injini inanguruma. Gari halijasonga hata hatua, lakini mafuta yanaisha. Mwili ni hivyo hivyo. Hata ukiwa umelala fofofo, moyo unapiga, mapafu yanavuta hewa, ini na figo zinafanya kazi, nao ubongo haupumziki. Ubongo peke yake hutumia karibu sehemu moja kwa tano ya nguvu za mwili uliotulia. Kazi hii yote ya kugeuza chakula kuwa nguvu na kuujenga mwili, wataalamu huiita umetaboli. Kwa watu wengi, karibu theluthi mbili ya nguvu tunazotumia kwa siku huishia hapo, kwa injini inayonguruma gari likiwa limesimama. Kama sehemu moja kwa kumi huenda kwa kazi ya kusaga chakula chenyewe. Kinachobaki ndicho cha kutembea, kulima, kufua na kubeba mtoto.

Nguvu hizi hupimwa kwa kalori. Mama wa kilo 70 akilala kitandani siku nzima bila kufanya lolote, atachoma karibu kalori 1,400. Na injini hukua pamoja na mwili. Lori hunywa mafuta kuliko gari dogo. Kwa hivyo mtu mnene, kwa kawaida, huchoma zaidi ya mwembamba hata wote wawili wakikaa tu kwenye kiti. Jambo hili huwashangaza wengi, na wachuuzi wa chai hawalitaji.

Na umri je? Tumezoea kusema kwamba mtu akishapata watoto na kufika miaka 35, injini inachoka. Mwaka wa 2021 watafiti walichapisha vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia mtoto wa siku 8 hadi mzee wa miaka 95. Ukishazingatia ukubwa wa mwili, mtu wa miaka 25 na mtu wa miaka 55 huchoma karibu sawa. Ni baada ya miaka 60 ndipo uchomaji huanza kushuka, tena polepole.

Basi kama injini haijalala, tatizo ni nini? Wengi watajibu haraka: tuliacha jembe. Nyanya zetu kule Gatundu na Kandara walichota maji mtoni na kubeba kuni mgongoni. Sisi tunapanda matatu na kukaa dukani mpaka usiku. Mimi pia niliamini hivyo, na kwa sehemu ni kweli. Lakini majirani zetu Wahadza wametufundisha jambo jingine.

Wahadza wanaishi karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Baadhi yao bado huwinda, hurina asali, huchimba mizizi na kuokota ubuyu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2012, watu wazima 30 walipimwa. Walikunywa maji maalumu, kisha mkojo wao ukachunguzwa ili ijulikane wamechoma kalori ngapi. Wanaume walikuwa wakitembea kama kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu 6. Ungetarajia wachome kalori nyingi mno. Kumbe ukilinganisha watu wenye miili ya ukubwa sawa, Wahadza walichoma karibu sawa na watu wa Marekani wanaokaa ofisini! Inaelekea kwamba mwili uliozoea kazi nyingi hubana matumizi mahali pengine, kama vile mama anavyopunguza sukari mwezi wa kulipa karo.

Sasa tupige hesabu ya kwetu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina karibu kalori 7,700. Mtu wa kilo 70 akitembea kilomita moja huchoma kama kalori 50. Kutoka Thika mpaka Ruiru ni kama kilomita 20, yaani kalori 1,000. Ili kumaliza kilo moja ya mafuta kwa miguu peke yake, itabidi uende safari hiyo mara saba au nane, na usiongeze hata andazi njiani.

Upande wa sahani hesabu ni nyepesi zaidi. Kijiko kidogo cha sukari kina kalori 16. Vikombe vinne vya chai kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe, ni karibu 190. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia ni 120, na wengi wetu hatupimi kwa kijiko, tunamimina. Ukipunguza sukari hiyo na vijiko viwili vya mafuta yanayoingia kwenye sahani yako, umeokoa kalori zaidi ya 400. Ni sawa na kutembea zaidi ya kilomita 8, karibu kutoka Ruiru kufika Juja.

Hatusemi muache kutembea, hapana. Mazoezi hushusha sukari na presha, huimarisha moyo na misuli, na husaidia uzito uliopungua usirudi. Lakini usitembee saa moja kisha ujizawadie soda na chapati mbili ukidhani umelipa.

Mbona basi tusikae njaa tu, tumalize mara moja? Mwili una hekima ya mwenye ghala. Akiona mvua imekataa, anapunguza kibaba cha kila siku. Ukijinyima ghafla, mwili hubana uchomaji, huongeza njaa, na hula misuli yako pamoja na mafuta. Huko Marekani kulikuwa na mashindano ya televisheni ya kupunguza uzito kwa kasi. Watafiti waliwafuata washindani 14, na mwaka wa 2016 wakaripoti kwamba miaka sita baadaye miili yao ilikuwa ikichoma karibu kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa. Wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya kilo walizopoteza.

Na zile chai? Nyingi zina majani ya kuharisha kama sanamaki. Mizani inashuka kwa sababu umepoteza maji na choo. Mafuta yako palepale.

Tena si lazima mtu awe mwembamba kama msichana. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka wa 2002 uliwafuata watu waliokuwa karibu kupata ugonjwa wa sukari. Walilenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki. Hatari yao ya kuugua ilishuka kwa asilimia 58. Kwa mama wa kilo 90, asilimia 7 ni kilo sita hivi.

Nasi kikundini tulianza na sufuria. Mafuta yanapimwa kwa kijiko. Nusu ya sahani ni sukuma wiki, terere au managu, robo ni ugali, robo ni maharagwe au ndengu. Maharagwe hushibisha kwa muda mrefu na yana protini ya kulinda misuli. Githeri haina kosa. Kosa ni kule kuikaanga ikiogelea.

Lililokuwa gumu ni midomo ya watu. Wengi wetu tunakumbuka miaka ya 1990, mtu akikonda kidogo tu majirani wananong'ona kuhusu ukimwi. Mpaka leo kuna wanaoogopa kupungua kwa sababu hiyo, na mume mmoja alilalamika ati ataonekana hamlishi mkewe.

Hata hivyo, anayekonda bila kutaka aende hospitali, kwani huenda ni kifua kikuu au sukari. Na kuna wachache ambao injini yao kweli imepungua kasi kwa ugonjwa wa tezi ya shingo: wanasikia baridi wakati wengine wana joto, wanachoka, ngozi inakauka, choo kinakuwa kigumu. Huo hugunduliwa kwa kipimo cha damu. Anayetumia dawa za sukari asiruke mlo wala kuanza kupunguza chakula kabla ya kuzungumza na kliniki, maana huenda dawa zikahitaji kupunguzwa.

Mwenzetu alifanya hivyo. Sasa anakunywa uji asubuhi kabla ya kutoka, na katika miezi minne amepungua kilo tatu. Mkopo wa ile chai bado anaulipa.