Mashavu ya Dawa

Alipokuwa akisafishwa damu mara tatu kwa wiki, binti alikonda na ngozi ikafifia. Miezi michache baada ya kupandikizwa figo, mashavu yamejaa, chunusi zimetapakaa, na shangazi anamsifu mbele ya wageni: "Umenawiri, mama!" Binti anaitikia, kisha anajifungia chumbani.

Mashavu hayo ni kazi ya prednisoloni, inayoongeza hamu ya kula na kurundika mafuta usoni na nyuma ya shingo. Saiklosporini huweza kuotesha nywele hata kidevuni na kuvimbisha fizi. Takrolimasi haioteshi ndevu, ila huweza kutetemesha mikono. Zote zimo kwa sababu moja: kuizuia kinga ya mwili isiishambulie figo ngeni. Mgonjwa wa Boston aliyepandikizwa mwaka 1954 hakuzihitaji, maana figo ilitoka kwa pacha wake wa kufanana.

Tangu Hospitali ya Muhimbili, Tanzania, ianze upandikizaji huu Novemba 2017, figo hutolewa na watu hai, mara nyingi ndugu wa damu. Hapo ndipo penye mtego. Mama kapasuliwa kwa ajili yako. Utalalamikaje kuhusu chunusi? Basi binti hanung'uniki. Anaruka dozi ya jioni, halafu ya asubuhi. Hakuna kinachouma. Siku zinapita, uso unaanza kupungua, marafiki wanamsifu, huku kreatinini, taka ambayo figo hupaswa kuiondoa kwenye damu, ikipanda kimyakimya. Wapo wanaorudia vidonge siku chache kabla ya kliniki, na kipimo cha dawa kwenye damu kikaonekana kizuri tu.

Kliniki huuliza, "Unameza dawa?" Nani atajibu hapana, tena mama akiwa amekaa pembeni? Mimi ningeanza na kioo: unajionaje siku hizi? Na ningemwomba mama asubiri nje.

Swali hilo lina manufaa kwa sababu majibu yapo. Dozi ya prednisoloni kwa kawaida hupunguzwa kadiri miezi inavyosonga, na uso hupungua nayo. Lakini ratiba ni ya daktari, kwani kuikatisha ghafla kunaweza kuuangusha mwili wote, mbali na figo. Saiklosporini inaweza kubadilishwa kwa takrolimasi. Chunusi na fizi zina matibabu yake. Ndevu, wakati mashauri yakiendelea, zinanyoleka.