Kumchangia Mwenye Kuhitaji Figo: Chama Kitoe Wapi, na Kitoe Vipi?



Katika ukaguzi wa chama kimoja cha akiba na mikopo huko Temeke, nilikuta kitabu cha stakabadhi za mchango. Mwanachama mmoja alihitaji figo, na dada yake alikubali kumpa moja ya zake. Wenzake walichanga kwa moyo mweupe. Lakini fedha hizo ziliingizwa katika hesabu moja na akiba za wanachama, na zilipotoka hazikuandikiwa hati ya malipo. Mwisho wa mwaka hapakuwa na mtu aliyeweza kueleza ni kiasi gani kilifika hospitali. Jambo lililonisikitisha zaidi ni hali ya yule dada. Alikuwa muuza samaki. Alikaa nyumbani wiki nyingi akipona, mtaji wake ukaliwa, wala hakuna aliyemkumbuka hata kwa senti moja.

Yafaa basi tuelezane jambo hili, kwa kuwa litavifikia vyama vingine.

Figo zikishindwa kazi kabisa, mgonjwa ana njia kuu mbili: kusafishwa damu kwa mashine, aghalabu mara tatu kwa wiki, kila mara kwa muda wa saa nne hivi, au kupandikizwa figo ya mtu mwingine. Kwa miaka mingi waliohitaji njia ya pili walipelekwa nje, hasa India. Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wa kwanza nchini, ikisaidiwa na madaktari kutoka India. Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata kwa ushirikiano na wataalamu wa Japani. Safari ya ng'ambo imepungua, lakini gharama hazikwisha. Kuna vipimo vya mgonjwa na vya mchangiaji, upasuaji, nauli za kliniki, na dawa za kuuzuia mwili usiikatae figo mpya, ambazo mgonjwa huzitumia maadamu figo hiyo inafanya kazi.

Kabla ya kuzungumza habari ya fedha, kanuni moja izingatiwe: figo hainunuliwi. Azimio la Istanbul la mwaka 2008, ambalo ni mwongozo wa madaktari wa upandikizaji duniani, linakataza biashara ya viungo. Lakini azimio hilo hilo linakubali mchangiaji arudishiwe gharama halisi alizoingia, pamoja na kipato alichokosa, mradi zithibitishwe. Kwa hiyo chama hakitoi bei ya figo. Kinatoa gharama za matibabu, na kinahakikisha kwamba aliyetoa figo hafilisiki kwa wema wake.

Chama kitoe wapi? Zipo njia nne.

Kwanza, mchango wa hiari wa kila mwezi. Chama chenye wanachama 300, kila mmoja akitoa shilingi 1,000, hukusanya shilingi 300,000 kwa mwezi na 3,600,000 kwa mwaka. Mfuko ulioanza kabla ya ugonjwa hushinda harambee ya dharura.

Pili, fungu la ziada. Mkutano Mkuu waweza kutenga sehemu ya ziada kwa ustawi wa jamii, baada ya kutimiza akiba zinazotakiwa na sheria na masharti ya chama. Kuijali jamii ni kanuni ya saba ya ushirika, iliyopitishwa Manchester mwaka 1995.

Tatu, mkopo wa dharura kwa ndugu wa mgonjwa, kwa utaratibu wa kawaida wa mikopo.

Nne, vyama jirani kuunganisha nguvu. Chama cha wavuvi wa Kunduchi na cha wafanyabiashara wa Tandika, kila kimoja peke yake, huenda kisifike mbali. Vikishirikiana kupitia Chama Kikuu vitabeba mzigo mkubwa zaidi.

Akiba, amana na hisa za wanachama zisiguswe kamwe. Hizo ni mali ya mwenyewe, si sadaka ya Bodi.

Sasa, chama kitoe vipi? Mfuko uwe na akaunti yake na daftari lake, na uidhinishwe na Mkutano Mkuu, uamuzi ukiandikwa katika muhtasari. Kamati iulize kwanza bima ya mgonjwa inalipa nini, ili chama kisilipe kilicholipwa tayari. Malipo ya matibabu yaende hospitali moja kwa moja, na stakabadhi irudi ofisini. Fungu la mchangiaji liandikwe peke yake: nauli, chakula, na kipato cha siku zote ambazo daktari amemwagiza apumzike. Likabidhiwe mkononi mwake mwenyewe, naye atie sahihi. Na habari za ugonjwa zisibandikwe ukutani bila ridhaa ya mgonjwa. Hesabu ndizo za kutangazwa, siyo siri za mwili wa mtu.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Yule dada wa Temeke alitoa kilicho ndani ya mwili wake. Sisi tunaombwa shilingi 1,000 na daftari safi. Bodi ziliweke jambo hili katika ajenda ya Mkutano Mkuu ujao, kabla mgonjwa hajabisha hodi.