Chanjo ya Chikungunya na Seli Zinazoelea



Mwaka 1952 na 1953 homa kali iliwapiga watu wa uwanda wa Makonde, katika wilaya za Newala na Masasi. Viungo viliuma hata mgonjwa akatembea amepinda. Ndipo ikaitwa chikungunya, neno la Kimakonde lenye maana ya kupinda. Marion Robinson na W.H.R. Lumsden waliandika habari zake mwaka 1955.

Februari 2025 Marekani na Umoja wa Ulaya ziliidhinisha chanjo ya Vimkunya kwa wenye miaka 12 na zaidi. Hutengenezwa kwa seli za binadamu, na hapo waumini hutuuliza: je, ni halali kwetu? Tuone kwanza inavyotengenezwa.

Seli ni chembe hai ndogo sana zinazojenga mwili. Seli ziitwazo HEK293 zilianzishwa mwaka 1973 huko Leiden, Uholanzi, kutoka katika figo ya kijusi. Tangu hapo hujigawa zenyewe maabarani. Hakuna kijusi kingine kinachohitajika. Awali zilishikamana chini ya chombo. Wataalamu wakazizoesha kuelea katika maji yenye chakula, ili zijae pipa zima na dozi ziwe nyingi. Pipa hupewa joto kama la mwili na hewa, nalo hukorogwa polepole kama uji ili seli zisizame.

Kisha seli hupewa maelekezo ya kutengeneza ganda la kirusi cha chikungunya. Ganda hilo ni tupu, kama ganda la korosho lisilo na kiini: ukilipanda halioti. Lakini mwili hulitambua na kujiandaa. Mwishoni maganda huchujwa na kusafishwa, seli zikaondolewa.

Swali hili si geni kwetu. Chanjo ya Uviko-19 ya Janssen, iliyofika Tanzania Julai 2021, nayo ilizalishwa katika seli zinazoelea, zilizotokana na mimba iliyotolewa mwaka 1985. Tarehe 21 Desemba 2020 Vatikano ilikuwa imeeleza kwamba chanjo za Uviko-19 za namna hiyo zaweza kupokelewa pale ambapo nyingine zisizo na lawama hazipatikani. Kuchanjwa si kukubali utoaji mimba. Watengenezaji walihimizwa watafute njia isiyo na doa, na chanjo iwe ya hiari. Basi mzazi asimwite jirani yake mwenye dhambi kwa sababu amechanjwa.

Nasi tusisahau mbu. Mbu wa chikungunya huuma mchana na huzaliana katika maji ya nyumbani. Uwandani kwetu maji ni ya shida, kila nyumba huyahifadhi. Kwa hiyo:

1. Funika mitungi, mapipa na visima vya maji ya mvua.
2. Sugua vyombo vya maji kila wiki.
3. Mwenye homa apelekwe zahanati apimwe malaria. Asidhani tu kuwa ni chikungunya.