Zipakeni Skii Nta Kabla ya Joto

Likizo za baridi zimekwisha, na katika nyumba nyingi za jamaa zetu wa Muscat, Dubai na Doha ile mifuko mirefu ya skii imesharudishwa stoo. Wengine walikwenda Gudauri kule Georgia, wengine Faraya ya Lebanon, wengine Uturuki. Na wale ambao siku hazikuwatosha walijipatia theluji ya ndani pale Ski Dubai, ambayo ipo tangu 2005. Siku hizi watoto hawataki tena za kukodi, kila mmoja anataka zake, na mzee ndiye anayetoa pesa. Halafu mfuko unafungwa ukiwa bado mbichi, unatupwa nyuma ya gari au chumba cha juu kisicho na kiyoyozi, mpaka Disemba nyingine.

Miezi hiyo tisa, kumi ya stoo ndiyo inayoziua skii zetu. Mlimani zinakaa wiki moja tu.

Hebu igeuze skii uitazame chini. Ule uso mweusi ni plastiki ya jamii ya polithini, lakini ngumu zaidi, na ina uwezo wa kunywa nta ikipashwa moto. Ukiteleza, msuguano unayeyusha theluji kidogo na kufanya utando mwembamba wa maji. Nta inayasukuma maji yale yasigande na plastiki, na skii inakwenda. Nta ikiisha, uso unapauka, unakuwa mweupe mweupe kama kisigino cha mtu asiyejipaka mafuta. Huanzia pembeni, karibu na ukingo wa chuma. Theluji ya kutengenezwa inaimaliza nta upesi zaidi, maana ni punje punje na inakwangua. Kwa hiyo anayekwenda Ski Dubai mara kwa mara asijidanganye kwamba kule ni mchezo mdogo.

Kwetu sisi jambo hili si geni, yakhe. Mabaharia wa Unguja na wa Sur hawakuliacha jahazi likae pwani msimu mzima bila kulitengeneza: chini deheni, juu sifa, ndipo likangoja kaskazi. Skii nayo ni chombo.

Kazi yenyewe ni ya jioni moja. Kwanza zifute, zikauke kabisa. Zilaze juu ya meza, uso juu, na sakafuni tandika magazeti, vinginevyo mama wa nyumba atakusemesha. Brashi uso kutoka ncha ya mbele kwenda nyuma, kila mara upande huo huo. Kisha chukua pasi ya nta. Pasi ya nguo iacheni kwenye kanzu zenu: joto lake hupanda na kushuka, na vile vitundu vya mvuke vinakusanya nta. Nta laini, ambayo ndiyo ya kuhifadhia, mara nyingi inataka kiasi cha digrii 120, lakini someni pakiti. Ikitoa moshi, pasi imezidi moto. Gusisha kipande cha nta kwenye pasi, kidondoke matone urefu wote wa skii, halafu pitisha pasi taratibu bila kusimama mahali. Ukisimama, umeunguza plastiki, na hapo nta haiingii tena.

Bibi mmoja aliniuliza kama mafuta ya nazi yatafaa. Hayafai, yatakusanya vumbi tu. Jambo jingine, nunueni nta isiyo na florini. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, FIS, limeipiga marufuku kwenye mashindano yake tangu msimu wa 2023/24, kwa sababu kemikali zake hazipotei katika mazingira. Na hata kwa nta ya kawaida, fungueni madirisha.

Kama safari nyingine ni wiki ijayo, acha ipoe nusu saa au zaidi, ikwangue kwa kipande cha plastiki ngumu, upige brashi. Lakini kama ndiyo tunaingia kiangazi, usikwangue kitu. Iache nene vilevile, na uivushe kidogo mpaka ifunike kingo za chuma, ndiyo kinga yao. Hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi, na kutu haichukui siku nyingi. Ikiwa imeshaanza, isugue kwa kijiwe cha raba cha kazi hiyo kabla ya kupaka nta. Tupa na pembe za kunolea mwachieni fundi, mpaka mjifunze.

Wenye ubao mmoja wa theluji, ondoeni kwanza vile vifungio vya miguu. Skrubu zinapitisha moto wa pasi na uso unaweza kufanya vishimo.

Baada ya hapo, ziwekeni ndani ya nyumba penye baridi na pakavu. Chini ya kitanda panatosha. Gari lililofungwa juani ni tanuri, na skii ni tabaka zilizogandishwa kwa gundi. Buti nazo zitolewe soksi za ndani, zikaushwe kwa hewa bila hita, kisha zifungwe vifungo kwa ulegevu zisipoteze umbo.

Sasa lile ambalo halifanyiki nyumbani. Vibano vinavyoshika buti vina namba, kipimo cha DIN, inayoamua vitaachia lini mtoto akianguka. Namba hiyo hupangwa kwa uzito, urefu, umri, urefu wa soli ya buti na ustadi wa mwenyewe. Mtoto wa miaka kumi na mbili hakai mwaka mzima bila kubadilika. Vikilegea vinamwachia katikati ya mteremko; vikikaza haviachii kabisa, mguu unapindwa pamoja na skii, na muundi ndio unaovunjika. Na buti iliyolika soli kwa kutembezwa kwenye vigae na maegesho haikai sawasawa ndani ya kibano. Baba au kaka asizungushe bisibisi kwa kukisia. Mpelekeni fundi mwenye mashine ya kupimia, skii, buti na mtoto mwenyewe, kila mwanzo wa msimu. Maduka ya kukodi kule mlimani mengi yanao mafundi hao.

Disemba ikifika, ikwangueni ile nta ya kiangazi siku moja kabla ya safari, maana mkiteleza nayo mtakwama kama mlio kwenye mchanga. Na kikwangulio, pasi na tupa vitieni kwenye mzigo wa chini ya ndege, msije mkanyang'anywa mlangoni.