Kabla ya Kulipia Maiki Mpya, Piga Makofi Chumbani

Umerekodi wimbo nyumbani. Sauti ni yako, maneno yamekaa sawa, biti umetengenezewa na rafiki. Lakini ukiucheza baada ya wimbo wa redioni, wako unasikika kama umeimbiwa ndani ya tanki la maji. Wengi wakifika hapo huamua jambo moja: shida ni maiki. Jioni hiyo hiyo wanapekua matangazo mtandaoni, wanakutana na "maiki ya studio, original, bei ya kutupa", na muuzaji anataka nusu ya pesa itumwe sasa hivi kwa sababu "kuna mteja mwingine yuko njiani."

Ngoja kidogo kabla ya kuweka PIN. Huyo muuzaji tutamrudia. Kwanza tuangalie kama hiyo pesa inaenda mahali panapofaa.

Simama katikati ya chumba unachorekodia upige makofi mara moja, kwa nguvu. Sikiliza kinachofuata. Kama kuna mlio unaobaki hewani, hata wa nusu sekunde, basi huo ndio unaingia kwenye wimbo wako. Nyumba zetu nyingi zina kuta za mawe zilizopigwa plasta, sakafu ya simiti au taili, na juu ni mabati au slabu. Vitu vigumu kama hivyo havimezi sauti, vinairudisha. Neno moja unaloimba linafika kwenye maiki mara ya kwanza kutoka mdomoni, kisha linafika tena na tena kutoka ukutani likiwa limechelewa kidogo. Maiki ya bei kali haiwezi kukuokoa hapo. Kwa kuwa inasikia vizuri zaidi, itaurekodi huo mwangwi kwa usafi zaidi.

Dawa yake huenda tayari unailalia. Godoro, blanketi nzito, duvee, mapazia mazito, zulia, kabati lililojaa nguo: vyote vinameza sauti. Siri ni mahali pa kuviweka. Maiki nyingi za kuimbia husikia zaidi upande wa mbele, yaani upande ulipo wewe, pamoja na ukuta ulio nyuma yako. Kwa hivyo simamisha godoro nyuma ya mgongo wako. Watu wengi hulipeleka nyuma ya maiki, ambako linasaidia kidogo tu. Zile trei za mayai ambazo kila mtu hubandika ukutani ni nyepesi mno. Zinapendeza kwenye picha lakini kazi yake ni ndogo sana. Pia usitarajie blanketi lizuie kelele za nje. Honi ya matatu na mvua kwenye mabati huzuiwa na kitu kizito kama ukuta wenyewe. Dawa ya hizo ni kurekodi saa ambazo mtaa umetulia.

Kisha sogea karibu. Acha kama shibiri moja kati ya mdomo na maiki. Ukirudi nyuma mara mbili ya umbali huo, sauti yako inayofika moja kwa moja inapungua kwa takriban desibeli 6, lakini mwangwi wa chumba unabaki karibu vile vile. Ndiyo maana rekodi nyingi za simu zinasikika ziko mbali: simu ilikuwa mezani, mwimbaji alikuwa amesimama dirishani.

Kama unadhani chumba cha kulala hakiwezi kutoa kazi ya maana, mkumbuke Billie Eilish. Albamu yake ya kwanza, When We All Fall Asleep, Where Do We Go?, ilitengenezwa kwa sehemu kubwa na yeye pamoja na kaka yake Finneas katika chumba cha kulala nyumbani kwao Los Angeles. Mwaka 2020 ilishinda tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka. Vifaa walikuwa navyo, ndiyo, lakini hawakuwa kwenye jumba la studio.

Sasa maiki

Ukishatuliza chumba na bado unataka kununua, jua kuna aina mbili kubwa. Ya kwanza ni dainamiki: ndani kuna koili ndogo inayocheza kwenye sumaku. Ni ngumu, inavumilia kuangushwa, na haichukui sana sauti za mbali. Ya pili ni kondensa, ambayo inahitaji umeme kidogo ili ifanye kazi, kwa kawaida volti 48 kutoka kwenye intafesi. Kondensa inasikia kila kitu: pumzi yako, midomo ikigusana, na pia jogoo wa jirani.

Kwa mtu anayeishi ploti yenye majirani pande zote, maoni yetu ni dainamiki. Wala si kifaa cha mtu maskini. Shure SM58 ilianza kuuzwa mwaka 1966 na bado iko majukwaani kote duniani. Michael Jackson aliimba sehemu kubwa ya Thriller kwenye maiki ya dainamiki, Shure SM7. Kondensa inunue ukiwa na chumba kilichotulia kweli kweli, au kama unarekodi kitu laini kama gitaa la kamba au nyatiti.

Hiyo SM58, kwa kuwa inajulikana sana, ndiyo pia inaigizwa sana. Feki hufanana na halisi mpaka kwenye boksi. Ukiona mpya kabisa inauzwa robo ya bei ya madukani, si bahati yako hiyo.

Maiki ya kondensa au dainamiki yenye kebo ya pini tatu huhitaji intafesi, kile kiboksi kinachogeuza sauti kuwa data ya kompyuta au simu. Chagua yenye matundu mawili ili siku moja urekodi sauti na gitaa pamoja. Kama unaimba peke yako na hutaki mambo mengi, maiki ya USB inatosha, ila ukitaka kuongeza maiki ya pili baadaye utasumbuka. Unaporekodi, weka kipimo cha biti 24 na uache sauti kubwa zaidi ifike karibu desibeli -12. Ikigusa taa nyekundu inakatika, na sauti iliyokatika ni vigumu sana kuitengeneza. Ukisikia mngurumo wa chini wakati laptopu inachaji, chomoa chaja. Betri iliyojaa pia itakulinda stima zikipotea katikati ya ubeti.

Programu si lazima ununue. Audacity ni ya bure kwenye kompyuta, na BandLab ni ya bure kwenye simu. Lakini tenga pesa ya stendi, kebo, hedifoni zinazofunika masikio ili biti isivuje ndani ya maiki, na kile kitambaa cha duara kinachozuia mlipuko wa P na B. Watu husahau hivi vitu vidogo, kisha maiki ya elfu kadhaa inashikwa mkononi na kila kidole kinasikika.

Kulipa bila kulia

Tuseme umeweka shilingi 25,000 kidogo kidogo kwenye akaunti ya akiba ya simu. Usizimalize siku moja. Tuliza chumba kwanza, rekodi, kisha ununue kifaa kimoja kwa wakati. Na tafadhali usichukue mkopo wa simu kununulia maiki kama bado hakuna anayekulipa kuimba. Mkopo utadaiwa mwisho wa mwezi, wimbo uwe umetoka au haujatoka.

Turudi kwa yule muuzaji wa mtandaoni. Kama ana duka, tuseme pale Luthuli Avenue, nenda ukalione. Chomeka maiki, rekodi dakika moja, sikiliza kwa hedifoni zako mwenyewe, ndipo ulipe. Kulipia till ya duka ni bora kuliko kutuma kwa namba ya mtu, kwa sababu jina la biashara linabaki kwenye ujumbe wako. Lisome hilo jina kabla ya kuthibitisha malipo. Kama duka linaitwa hivi na jina linatokea vile, uliza. Ukiambiwa "tuma tu kwa hii namba ya kaka, till inasumbua," acha kwanza. Till ikirudi, utalipa.

Kama yuko mbali, mwambie utalipa mzigo ukifika na ukishaufungua. Akikataa kabisa, tafuta mwingine. Ukikosea namba, wasiliana na huduma kwa wateja papo hapo. Mpokeaji akishatoa pesa, kurudishiwa ni safari ndefu.

Unauza maiki ya zamani ili uongezee pesa? Mnunuzi akikuonyesha ujumbe wa malipo kwenye simu yake, usimpe kifaa. Hata ujumbe uliofika kwako unaweza kuwa wa kuigiza. Angalia salio lako mwenyewe. Na mtu akipiga akisema amekutumia pesa kimakosa, umrudishie haraka, usimrudishie wewe. Mwambie aombe kurejeshewa kupitia huduma kwa wateja.

Ukinunua, omba risiti yenye namba ya siri ya kifaa, hifadhi ujumbe wa malipo, na mkubaliane na duka una siku ngapi za kurudisha. Ndani ya siku hizo fanya jaribio hili. Imba kiitikio kile kile mahali pale pale, mara moja kwa simu na mara moja kwa maiki mpya. Sawazisha ukubwa wa sauti zote mbili, kwa sababu sikio hudanganywa na iliyo juu zaidi. Mpe rafiki asikilize bila kumwambia ipi ni ipi. Akishindwa kuzitofautisha, funga boksi urudi dukani mapema.